Dereva wa Lori la Taka Jijini Dar es Salaam
Dereva wa lori la taka jijini Dar es Salaam huanza kazi alfajiri, kabla foleni haijaziba barabara. Taka hukusanywa mtaa kwa mtaa, kisha hupelekwa dampo la Pugu Kinyamwezi, Ilala. Sehemu kubwa ni mabaki ya vyakula, mazito na yenye maji yanayovuja na kuozesha bodi ya gari. Utingo, ambaye ndiye hasa anayeshika taka hizo, anastahili glavu, buti na barakoa. Kumnyima ni dhuluma. Masika njia ya dampo hugeuka tope, na lori lililojaa hunasa. Wakati wa kumwaga, dereva hutafuta ardhi tambarare, kwani tipa iliyoinua bodi penye mwinamo huweza kupinduka.