Ndimu Juu ya Parachichi

Kata parachichi vipande viwili. Kimoja kipake maji ya ndimu, kingine kiache hivyo hivyo, kisha uviweke mezani kwa muda. Ukirudi utakuta kisichopakwa kimeanza kuwa cha kahawia, na chenye ndimu rangi yake bado iko vilevile. Ukali wa ndimu umepunguza kasi ya kimeng'enya kinacholibadili tunda rangi, na vitamini C iliyomo imejitanguliza kukabiliana na oksijeni. Kiini kinachojitoa namna hiyo, kikaungua chenyewe ili kingine kisalimike, ndicho wataalamu wanachokiita antioksidanti.

Mwilini nako oksijeni ni rafiki mwenye makucha. Bila hiyo seli haipati nguvu ya kutosha kutoka kwenye chakula. Lakini jiko la mkaa haliwaki bila kurusha cheche, na seli nazo hurusha zake: molekuli zilizopungukiwa elektroni, ziitwazo chembe huru. Molekuli ya aina hiyo haitulii. Humpora jirani elektroni, jirani naye humpora mwingine, hadi madhara yafike kwenye utando wa seli, protini, hata DNA. Moshi wa sigara, jua kali na hewa chafu huziongeza. Si kwamba zote ni adui. Seli nyeupe za damu huzitumia kuua bakteria. Shida huanza zinapozidi uwezo wa mwili kuzituliza. Mwili una vizimamoto vyake vya kuzaliwa navyo, na vingine huvipata kwenye chakula: vitamini C na E, karotini, na ukoo mkubwa wa viini vya mimea viitwavyo polifenoli.

Ukiwa sokoni, rangi itakuongoza. Unjano wa embe na viazi lishe ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Wekundu wa nyanya na tikiti ni likopini. Weusi wa zambarau na wekundu wa choya hutoka kwenye polifenoli. Mchicha na matembele pia vina karotini tele, ila kijani kimeifunika. Pera halina rangi ya kujivunia, lakini gramu 100 zake hubeba zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, ilhali chungwa lina takribani 50. Kwa vipimo vya Marekani, mtu mzima anahitaji miligramu 75 hadi 90 kwa siku.

Kununua ni nusu ya kazi; nusu nyingine iko jikoni. Vitamini C huyeyuka kwenye maji na kuharibika kwa moto, na magadi huiharibu upesi zaidi. Kwa hiyo mchicha uoshwe kabla ya kukatwa, upikwe kwa maji kidogo, sufuria ikiwa imefunikwa, na uepuliwe mapema. Anayeuchemsha na kumwaga maji amemwaga na sehemu ya faida. Karotini ina tabia nyingine: haiogopi moto sana, ila huhitaji mafuta ili utumbo uifyonze. Ndiyo maana mchicha wa nazi si utamu tu. Nyanya nazo, zikikaangwa mpaka zirojeke na mafuta yaelee juu, huachia likopini kwa urahisi kuliko zikiliwa mbichi. Basi kachumbari kwa ajili ya vitamini C, mchuzi kwa ajili ya likopini. Vyote viwili vina nafasi mezani.

Kwa nini basi tusimeze vidonge tukapumzika? Swali hilo lilijaribiwa. Nchini Finland, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walishiriki utafiti ambao baadhi yao walipewa vidonge vya beta-karotini. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliomeza karotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasioimeza. Marekani, utafiti unaofanana na huo ulisitishwa kabla ya muda wake mwaka 1996 kwa sababu hiyohiyo. Antioksidanti ikijazwa kupita kiasi, peke yake, kwenye mapafu yenye moshi, inaweza kugeuka ikawa yenyewe mchochezi.

Walaji wa matunda na mboga kwa wingi huugua kidogo maradhi ya moyo na kiharusi, lakini sifa hiyo si ya antioksidanti peke yake. Tunda huja na nyuzinyuzi, potasiamu na viini vingi vinavyosaidiana.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, bila kuhesabu viazi na mihogo. Zigawe: tunda asubuhi, mboga za majani mchana na usiku, kachumbari pembeni. Vidonge ulivyoandikiwa na daktari, endelea navyo. Vya kujinunulia ili "kusafisha mwili", viache dukani. Na mvutaji sigara asitafute kinga kwenye embe wala kwenye kopo. Kinga yake ya kwanza ni kuizima sigara.