Ubao Unaopinda na Umri wa Mti

Mwenye kupanda mlima kutoka Mombo hadi Lushoto, kisha akaendelea mpaka Shume, hulikuta shamba la miti la Serikali lenye misindano na saiprasi. Miti ya namna hiyo ndiyo kenchi za nyumba za wengi wetu. Hutokea kenchi zikapinda baada ya muda mfupi, na fundi akalaumiwa. Je, kosa ni la fundi kweli? Tuutazame mti kwanza.

Chini ya gome pana tabaka jembamba la seli hai liitwalo kambiamu. Seli zake hugawanyika, na zile zinazobaki upande wa ndani hugeuka kuwa mbao. Kazi hiyo huendeshwa na vimeng'enya. Vipo vinavyolegeza ukuta wa seli ili seli ipate kurefuka. Vipo vilivyokaa katika utando wa seli, vikiunga glukosi moja baada ya moja kuwa nyuzi za selulosi, nazo nyuzi huizunguka seli mithili ya kamba. Mwisho, vingine huifunga lignini baina ya nyuzi, kama saruji ishikavyo nondo. Kazi ikitimia seli hufa, na kuta zake hubaki zikipitisha maji na kuubeba mti.

Sasa, katika pete za takriban miaka 10 ya mwanzo, zilizo karibu na kiini cha msindano, kuta za seli ni nyembamba, na nyuzi za selulosi zimezungushwa kwa mshazari mkubwa. Ubao wake ukikauka hunywea kwa urefu, upande mmoja kuliko mwingine, ndipo unapopinda. Katika pete za baadaye kuta hunenepa, na nyuzi hukaribia kusimama wima. Kwa hiyo mti uliokatwa mapema hutoa mbao changa kwa wingi, na hakuna randa wala rangi iwezayo kuzipa nguvu zisizokuwa nayo.

Wanazuoni wa fiqhi wameeleza kuwa muuzaji anayeijua aibu ya bidhaa yake hana budi kuibainisha. Mkulima aliyebanwa na ada ya shule akakata mapema tunamwelewa. Lakini na aziuze mbao hizo kwa jina lake na kwa bei yake, zikatengenezwe masanduku, si paa ambalo watoto hulala chini yake. Nasi wanunuzi tutazame ncha ya ubao: pete pana zilizojikunja kukizunguka kiini ndizo dalili.