Daftari la Mabandiko na Maisha ya Mwandishi: Mfano wa Shaaban Robert kwa Shule za Butembo na Beni

1. Utangulizi

Katika ufundishaji wa fasihi ya watoto, mwandishi huwa jina tu lililoandikwa juu ya jalada. Mwanafunzi wa Butembo au Beni asomaye hadithi ya Kiswahili hana picha akilini ya mtu aliyeitunga: alizaliwa wapi, alifanya kazi gani mchana kabla ya kushika kalamu usiku, alimpenda nani, alimlilia nani. Matokeo yake ni kwamba kuandika huonekana kuwa kazi ya watu wa mbali, na Kiswahili cha kitabuni huonekana kuwa mali ya pwani, isiyomhusu mtoto wa Kivu ya Kaskazini isipokuwa siku ya mtihani.

Makala haya yanaeleza nyenzo moja inayoweza kupunguza umbali huo, yaani daftari la mabandiko linalosimulia maisha ya mwandishi kwa picha na maneno. Kwanza dhana yenyewe itafafanuliwa, kisha itapimwa kwa maisha ya Shaaban Robert, na hatimaye yatajadiliwa masuala ya lugha, vifaa na uhifadhi katika miji hiyo miwili.

2. Dhana ya daftari la mabandiko

Daftari la mabandiko ni kitabu kitupu ambacho hujazwa kwa kubandikwa vitu: picha, vipande vya magazeti, tiketi, barua, majani makavu, vitambaa. Hutofautiana na albamu ya picha kwa sababu halikusanyi picha peke yake, na hutofautiana na wasifu ulioandikwa kwa sababu halilazimiki kufuata mtiririko mmoja. Msomaji wake hutazama kwanza, kisha husoma.

Katika historia ya fasihi ya watoto duniani, madaftari ya namna hii yana nafasi ya heshima. Hans Christian Andersen wa Denmark (1805–1875), mtungaji wa ngano zilizotafsiriwa katika lugha nyingi, alishirikiana na rafiki yake Adolph Drewsen kutengeneza kitabu cha picha za kukatwa na kubandikwa, ambacho mwaka 1859 kilipewa mtoto Christine Stampe, mjukuu wa Drewsen. Naye Lucy Maud Montgomery wa Kanada (1874–1942), aliyechapisha riwaya ya *Anne of Green Gables* mwaka 1908, alitunza madaftari ya mabandiko tangu ujana wake. Mawili kati ya hayo, yanayohusu miaka ya 1893 hadi karibu 1910, yamehifadhiwa kisiwani kwao, Prince Edward Island, na kurasa zake zilichapishwa mwaka 2008 na mtafiti Elizabeth Epperly. Humo mna maua makavu, vipande vya nguo, kadi, picha za majarida, hata manyoya ya paka.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba hakuna kati ya vitu hivyo chenye thamani sokoni. Thamani yake inatokana na kule kuwekwa pamoja. Ua lililokauka ni takataka. Ua lililobandikwa kando ya tarehe na jina la rafiki ni ushahidi.

3. Maisha ya Shaaban Robert kama mfano

Shaaban Robert hakuwaandikia watoto peke yao. Hata hivyo, *Adili na Nduguze* (1952), kisa chenye asili yake katika Alfu Lela Ulela, kimewapendeza wasomaji wadogo wa vizazi kadhaa, hasa kwa habari za ndugu wawili waliogeuzwa manyani. Zaidi ya hayo, maisha yake yana utajiri wa mambo yanayoweza kuonyeshwa kwa picha.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga, akasoma Dar es Salaam katika miaka ya 1920. Kuanzia 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha, na Pangani ni mojawapo ya vituo alivyotumikia. Baadaye alihamishiwa Longido, kisha akarejea Tanga, alikofanya kazi katika ofisi ya wilaya na hatimaye katika ofisi ya upimaji ardhi. Alifariki mwezi wa Juni 1962, miezi michache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru.

Orodha hiyo ya tarehe, ikisomwa darasani, haimshiki mtoto. Lakini kila tarehe inaweza kugeuzwa ukurasa. Ukurasa wa forodha unaweza kubeba mchoro wa jahazi, muhuri uliochongwa kwa kiazi, na orodha ya bidhaa zilizokaguliwa. Mtoto wa Beni hahitaji kufafanuliwa sana forodha ni nini: anawajua wafanyabiashara wanaopitisha mizigo Kasindi, mpakani mwa Uganda. Ukurasa wa Longido unaweza kubeba ramani ya safari kutoka pwani hadi nyika. Ukurasa wa nyumbani unaweza kueleza kifo cha mkewe Amina, na tenzi mbili alizowatungia wanawe, *Utenzi wa Hati* na *Utenzi wa Adili*, zilizomo katika *Maisha Yangu*. Hapo mwanafunzi atatambua kwamba tenzi zinazotajwa darasani kuwa za maadili zilianza kuwa wosia wa baba kwa watoto wake, mmoja wa kike na mwingine wa kiume.

Lipo pia suala la ushahidi. Barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge, naye mwandishi, kati ya 1931 na 1958, zilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, mwaka 2002. Kama mpokeaji asingezitunza kwa miongo mingi, zisingelikuwapo za kuchapishwa. Sehemu kubwa ya tunachoweza kujua juu ya mwandishi hutegemea ndugu mmoja asiyetupa karatasi.

4. Picha na kauli katika Kongo

Isidhaniwe kwamba kusimulia maisha kwa picha ni jambo geni linaloletwa Kongo kutoka ng'ambo. Mjini Lubumbashi, mnamo 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora picha zaidi ya 100 za historia ya nchi yake na kuzifafanua kwa Kiswahili katika mazungumzo na Johannes Fabian, ambaye alizichapisha mwaka 1996. Maandishi yaliyomo ndani ya picha ni ya Kifaransa, ilhali maelezo ya mdomo ni ya Kiswahili. Kabla ya hapo, mwaka 1965, André Yav alikuwa ameandika kwa Kiswahili habari za mji huohuo kwa mtazamo wa watumishi wa nyumbani. Kazi hizo mbili zinadhihirisha kwamba Kiswahili cha Kongo kimekwisha kubeba historia na wasifu bila kungoja idhini ya kamusi.

5. Masuala ya utekelezaji Butembo na Beni

Suala la kwanza ni lugha. Watoto wengi wa eneo hili huzungumza Kinande nyumbani, Kiswahili mjini na sokoni, na hukutana na Kifaransa shuleni. Kiswahili chao husema *batoto* palipo na *watoto*, *mu nyumba* palipo na *nyumbani*, na huiita shule *masomo*. Mwalimu akilazimisha kila maelezo ya picha yawe ya Kiswahili sanifu, mtoto atanakili asichokielewa. Akiacha kabisa usanifu, atamnyima mtoto ufunguo wa vitabu vya Shaaban Robert mwenyewe. Njia ya kati ni kuweka maelezo mawili chini ya kila picha: kauli ya mtoto kama alivyoitamka, na sentensi ya sanifu iliyotungwa na darasa zima. Kwa jinsi hiyo tofauti baina ya lahaja inakuwa somo, haiwi kosa.

Suala la pili ni vifaa. Karatasi za kaki za kufungia bidhaa hushonwa kwa uzi zikawa daftari. Uji mzito wa unga wa muhogo hutosha kuwa gundi, ingawa huvutia wadudu, na katika baridi na mvua za Butembo huchelewa kukauka. Hivyo kurasa zisifungwe siku ileile. Pasipokuwa na picha halisi, mtoto achore, na chini yake iandikwe wazi kwamba ni mchoro. Kanuni hii ni ya msingi. Uso wa kubuni ukibandikwa bila maelezo, baada ya miaka kumi utachukuliwa kuwa uso wa mwandishi.

Suala la tatu, na ndilo zito kuliko yote, ni uhifadhi. Umbali kati ya Butembo na Beni ni kilomita 54 hivi, na katika eneo hilo familia nyingi zimewahi kuhama ghafla. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yameyakumba maeneo ya Beni kwa miaka mingi. Na kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 ugonjwa wa Ebola uliua watu zaidi ya 2,200 katika mashariki ya nchi. Anayekimbia humbeba mtoto na godoro, habebi barua. Kwa hiyo kila daftari lifaa liwe na nakala ya pili, hata kama ni ya picha za simu tu, itunzwe mahali pengine. Chuo kama vile Université Catholique du Graben, kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989, kipo katika nafasi nzuri ya kupokea nakala za aina hiyo.

6. Hitimisho

Imeelezwa kwamba daftari la mabandiko humfanya mwandishi kuwa mtu mbele ya mtoto, na humfundisha mtoto kutofautisha ushahidi na dhana. Maisha ya Shaaban Robert yanafaa kuwa zoezi la kwanza kwa kuwa habari zake zinapatikana. Zoezi la pili liwe gumu zaidi na la karibu zaidi: kila mwanafunzi afungue daftari jipya kwa ajili ya msimuliaji wa hadithi wa nyumbani kwake, bibi au babu, ambaye jina lake halijawahi kuwekwa juu ya jalada lolote. Mtu huyo ndiye mwandishi wa kwanza wa mtoto huyo. Barua zake hazipo, kwa kuwa hakuandika. Zipo ngano zake, nazo zitatoweka pamoja naye zisipoandikwa angali hai. Akiba haiozi, wahenga walinena. Lakini ni lazima kwanza iwekwe.