Je, Wajua? Saa Zikipatana, Data Hupita

Je, wajua kwamba kupatana saa tu kunaweza kuongeza maradufu data inayopita hewani? Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kiliwasha ALOHAnet, mtandao wa redio uliounganisha kompyuta kutoka kisiwa hadi kisiwa. Vituo vilitumia masafa yale yale, na kila kimoja kilituma pakiti zake za data wakati wowote kilipokuwa na la kutuma. Pakiti mbili zikigongana, zote huharibika. Kihesabu, utaratibu huo hauwezi kufikisha salama zaidi ya asilimia 18 ya uwezo wa masafa. Mwaka uliofuata Lawrence Roberts akapendekeza muda ukatwe vipande sawa kwa saa moja ya vituo vyote, na pakiti ianze kutumwa mwanzoni mwa kipande tu. Kikomo kikapanda hadi asilimia 37, bila kubadili masafa. Awali pakiti iliweza kugongwa na iliyoitangulia kidogo, au na iliyoanza kabla yenyewe haijaisha. Vipande viliondoa nusu ya hatari hiyo.

Je, wajua kwamba katika mtandao usio na mnara, ambamo vifaa hupitishiana ujumbe vyenyewe, wingi wa vifaa hupunguza fungu la data la kila kimoja? Piyush Gupta na P. R. Kumar walilithibitisha hilo mwaka 2000. Kifaa kimoja kinapotuma, majirani lazima wanyamaze. Tena kila kifaa hutumia muda wake mwingi kubeba mizigo ya wenzake. Vifaa vikiongezeka mara 100, fungu la kila kimoja hupungua mara 10 hivi, hata vikipangwa kwa ustadi wote. Mwaka 2001 Matthias Grossglauser na David Tse walionyesha njia ya kukwepa: vifaa vikiwa vinatembea, na mwenye ujumbe akikubali kusubiri, fungu halipungui.

Je, wajua kwamba katika Wi-Fi isiyo na kituo kikuu, saa inayofuatwa ni ile inayokimbia zaidi, iwe sahihi au la? Saa ya kifaa cha namna hii inaruhusiwa kukosea sehemu 1 kati ya 10,000, yaani karibu sekunde 9 kwa siku. Kwa kawaida, kila baada ya sehemu ya kumi ya sekunde hivi vifaa hushindana kutangaza saa. Anayesikia hurekebisha yake iwapo tu iliyotangazwa imetangulia. Kurudi nyuma hakuna. Kasoro hujitokeza vifaa vikiwa vingi: chenye saa ya kasi hukosa zamu mara kwa mara, na kwa kuwa hakirudi nyuma, huzidi kuwaacha wenzake. Lifei Huang na Ten-Hwang Lai walieleza tatizo hilo mwaka 2002, pamoja na tiba ambayo kwangu ni nzuri kwa wepesi wake: chenye saa ya kasi zaidi kishindane kila zamu, wengine mara mojamoja tu.