Friza nyumbani: Je, inaokoa pesa au inazimeza?

WAHENGA walisema akiba haiozi. Lakini wahenga hao hawakuwa na kilo kumi za nyama ndani ya friza, wala hawakuwahi kukaa gizani siku tatu wakingoja stima irudi.

Siku hizi friza, hasa ile ya aina ya sanduku ambayo kifuniko chake hufunguliwa kwa juu, si kitu cha mabucha na maduka ya aiskrimu pekee. Utaipata katika nyumba nyingi za Umoja, Buruburu, Nyali na Milimani. Anayeinunua huwa na hoja moja: "Nitanunua vitu kwa wingi, kwa bei ya chini, na nitaokoa pesa." Je, msomaji, ni kweli? Hebu tuchukue kalamu na karatasi tupige hesabu.

Gharama yake halisi

Watu wengi huangalia bei ya dukani tu. Hilo ni kosa, kwa sababu friza hulipiwa mara mbili: siku unapoinunua, na kila siku inapokuwa kwenye soketi.

Tuseme umenunua friza ya lita 200 kwa shilingi 30,000, na itadumu miaka kumi. Miaka kumi ni miezi 120, kwa hivyo kila mwezi imekula shilingi 250 za mtaji wako. Sasa stima. Friza ya ukubwa huo, ikiwa mpya na imewekwa mahali pazuri, hutumia takriban uniti 0.8 kwa siku, yaani uniti 24 kwa mwezi. Tukichukua uniti moja kuwa shilingi 28, hizo ni shilingi 672. Jumla ni shilingi 922. Ukiongeza kidogo cha fundi na kile kifaa cha kuilinda dhidi ya stima inayopanda na kushuka, ambacho wengi tunakiita friji gadi, unafika shilingi 1,000 kwa mwezi.

Usizichukue takwimu hizi kama Msahafu. Chukua risiti yako ya tokeni, gawanya pesa ulizolipa kwa uniti ulizopata, nawe utajua bei yako halisi. Bei hiyo hubadilika kila mwezi kwa sababu ya gharama ya mafuta na thamani ya shilingi.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawatakuambia. Tangu Aprili 2023, sisi watumiaji wa nyumbani tumegawanywa katika makundi matatu: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, walio kati ya 30 na 100, na wanaopita 100. Kadiri unavyopanda kundi ndivyo bei ya kila uniti inavyopanda. Ikiwa familia yako hutumia uniti 25 na sasa friza inaongeza 24, umefika 49. Umetoka katika kundi la bei nafuu, na si uniti za friza pekee zitakazopanda bei, bali hata zile za taa, redio na pasi.

Faida iko wapi?

Ili friza ijilipie, basi, ni lazima ikuokolee zaidi ya shilingi 1,000 kila mwezi. Zitatoka wapi?

Kwanza, nyama. Anayenunua robo kilo katika bucha la mtaani hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko anayeamkia soko la Burma jijini Nairobi, au anayefuata nyama ya mbuzi Kiamaiko na kununua kwa wingi. Tuseme tofauti ni shilingi 100 kwa kilo. Familia inayokula kilo moja na nusu kwa wiki, yaani kilo sita kwa mwezi, inaokoa shilingi 600. Inayokula kilo tatu kwa wiki inaokoa 1,200. Na usisahau kutoa nauli! Ukipanda matatu mbili kwenda na mbili kurudi kwa ajili ya kilo tatu, faida yote imebaki kwa kondakta.

Pili, na hili wengi hawalifikirii, ni moto wa kupikia. Maharagwe na mahindi ya githeri hukaa jikoni saa mbili au zaidi. Mwenye friza anaweza kuchemsha sufuria kubwa mara moja kwa mwezi, akagawa katika mikebe midogo na kugandisha. Akishachemsha mara moja badala ya mara nne, ameokoa moto wa mara tatu. Kama kila mara hugharimu shilingi 60 za gesi au makaa, hizo ni shilingi 180 mfukoni, mbali na muda wa mama au msichana wa kazi.

Tatu, mazao ya msimu. Minji, mahindi mabichi, maembe na nyanya huwa rahisi mno wakati wa mavuno, kisha bei hupaa. Nyanya unaweza kuzisaga na kuzigandisha hivyo hivyo. Minji na mboga nyingine zitie kwanza katika maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, uzipoze kwa maji baridi, uzikaushe, ndipo uzigandishe. Ukiruka hatua hiyo, zitapoteza rangi na ladha.

Sasa jumlisha nyama na moto. Familia ya kilo moja na nusu kwa wiki imeokoa shilingi 780, lakini friza inadai 1,000. Hasara ni shilingi 220 kila mwezi. Familia ya kilo tatu imeokoa 1,380, hivyo imebaki na faida ya shilingi 380 kwa mwezi, au 4,560 kwa mwaka. Friza ni ile ile, soko ni lile lile, lakini nyumba moja inapata na nyingine inapoteza.

Stima ikipotea

Hapo ndipo penye tatizo. Mnamo Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ilitumbukia gizani, na sehemu nyingine zilikaa hivyo kwa saa nyingi sana. Friza iliyojaa na ambayo haijafunguliwa huweza kuhifadhi baridi yake kwa takriban saa 48. Iliyojaa nusu huhimili kama saa 24. Lakini transfoma ya mtaa ikiungua, ni nani anayejua itarudi lini? Kilo kumi za nyama ya shilingi 600 zikiharibika, umepoteza shilingi 6,000. Ile faida ya mwaka mzima imekwenda, na deni juu.

Kwa hivyo, giza likiingia, usifungue friza kila mara "kuangalia tu". Stima ikirudi, nyama ambayo bado ina chembe za barafu inaweza kugandishwa tena. Iliyolainika na kupata joto kwa saa kadhaa, usiirudishe. Kumbuka baridi haiui viini vya maradhi, huvilaza tu. Vikipata joto vinaamka.

Ukiamua kununua

Ikiwa hesabu yako inakubali, zingatia haya:

• Nunua ukubwa unaoutosha mlo wako. Friza kubwa iliyo nusu tupu ni kulipia hewa. Ikipungua vitu, jaza chupa za plastiki zenye maji, lakini acha nafasi juu kwani maji yakiganda hupanuka.

• Friza ya sanduku hutunza baridi vizuri kuliko ile ya mlango wa mbele, kwani hewa baridi ni nzito na hubaki chini unapofungua. Ubaya wake ni kuwa vya chini husahaulika. Andika tarehe kwenye kila pakiti, na vilivyotangulia kuingia vitangulie kutoka.

• Jihadhari na friza kuukuu ya bei ya kutupa. Mpira wa mlango ukiwa umechoka, kompresa haipumziki, na ulichookoa dukani utakilipa kwa tokeni.

• Iweke mbali na jua na jiko, na uache nafasi kati yake na ukuta. Kipimo cha baridi kiwe nyuzi 18 chini ya sufuri. Barafu ikijijenga ukutani, iyeyushe.

• Nyama ya kusaga itumie ndani ya miezi minne, na samaki wenye mafuta ndani ya miezi mitatu. Gawa katika pakiti za mlo mmoja.

Na wewe unayeishi katika nyumba ya kupanga yenye mita moja kwa wapangaji wote, zungumza na mwenye nyumba kwanza. Nyumba nyingi zimeingiwa na ugomvi kwa sababu ya friza ya mtu mmoja inayolipiwa na wote. Mwanafunzi wa hosteli, wewe usijisumbue: unachokula wiki nzima kinatosha kwenye mfuko mmoja.

Wasio na friza wana njia nyingine. Majirani wanne wanaweza kuchanga, wakanunua mbuzi mmoja Jumamosi na kugawana, kila mmoja akapata bei ya jumla bila kulipa stima. Omena, nyirinyiri na samaki wa kukaushwa walilisha jamii zetu muda mrefu kabla ya soketi kufika ukutani.

Kabla hujaenda dukani, fanya jambo moja. Kwa mwezi mzima, andika katika daftari kila kilo ya nyama, samaki na maharagwe inayoingia nyumbani na bei yake. Zidisha kilo hizo kwa tofauti ya bei ya jumla, ongeza moto utakaookoa, kisha ondoa nauli. Ikipita shilingi 1,000 kwa mbali, nunua bila wasiwasi. Isipofika, karo ya watoto ina kazi bora zaidi ya kufanya na shilingi 30,000.