Ufa wa Bampa na Hesabu ya Bima

Jumamosi moja asubuhi, nikirudisha gari nyuma kutoka uani kwangu Magomeni ilhali akili imekwisha kunitangulia sokoni, niligota nguzo ya geti, na kwa sauti hafifu kuliko ya sufuria iangukayo jikoni bampa la nyuma likapasuka ukingo na taa moja ikaingia ufa. Fundi wa bodi wa Gerezani, baada ya kulizunguka gari mara mbili huku akiguna, alinitajia shilingi 320,000, taa na rangi zikiwamo. Madhali gari lina bima kubwa, jamaa wa barazani walihukumu kwa kauli moja kwamba nikadai, kwani ada nimekwisha kuilipa na fedha isiyodaiwa ni sadaka kwa tajiri.

Hukumu hiyo yavutia, lakini haikupigiwa hesabu. Gari langu limekadiriwa thamani ya shilingi 15,000,000. Ada yake, kwa kima cha asilimia 3.5, ni 525,000, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ikijumlishwa hufika 619,500. Katika mkataba mna sharti, lililochapwa kwa herufi za kuumiza macho, kwamba katika kila dai 250,000 za mwanzo nitajilipia mwenyewe, nazo mawakala huziita eksesi. Basi katika zile 320,000 kampuni ingenipa 70,000 tu. Aidha mkataba uo huo humwahidi asiyedai mwaka mzima punguzo la asilimia 10, ambalo pamoja na kodi yake ni 61,950, nalo lingepotea. Faida iliyosalia ni shilingi 8,050, kabla ya nauli za kufuatia ripoti ya polisi na siku za kumngoja mkadiria hasara, ambaye aghalabu huja siku usiyomtazamia.

Neno bima lenyewe lilitujia kwa njia ya Bara Hindi, na shina lake ni bim la Kiajemi, maana yake khofu. Nami naona khofu istahiliyo kulipiwa ada ni ile ya gari kuungua, kuibwa, kupinduka, ama kumvunja mja wa Mwenyezi Mungu mguu. Hasara ambayo mshahara wa mwezi mmoja waweza kuifuta si khofu, ni kero.

Lakini kabla ya kukata shauri, mwambie fundi alivue bampa, kwani plastiki hurejea mahali pake kwa unafiki ilhali vyuma vya nyuma yake vimepinda, na 320,000 za Jumamosi zikawa 900,000 za Jumatatu. Hapo hesabu yote hugeuka, na kudai huwa ndiyo busara.

Na jambo moja halina hiari. Jirani yangu aligusana na bodaboda. Kijana akainuka, akajipangusa vumbi, akasema hana neno, wakaagana kwa noti mbili za 10,000. Siku ya tatu mguu ukavimba, na ya tano akaja na wazee wake. Kampuni ilipoambiwa ikamwuliza jirani mbona hakuarifu, na mbona alitoa fedha mkononi, jambo ambalo mkataba wake ulilikataza bayana pamoja na kukiri kosa bila idhini yao. Watu wengi hudhani kuarifu na kudai ni kitu kimoja, la hasha: waweza kuiandikia kampuni kwamba limetokea jambo, ukajitengenezea gari kwa fedha yako, na haki yako ikabaki salama lau mwenzio atakuja na madai baadaye. Basi, ewe mwenye gari, ikiwa ajali imemgusa mtu wa pili, hata kwa kiwiko, iarifu kampuni siku iyo hiyo, na kwa maandishi.

Mimi niliiarifu, wala sikudai. Bampa likapakwa rangi Gerezani kwa 290,000 baada ya kupatana, na jua la adhuhuri likilipiga, weupe wake wauzidi kidogo ule wa mlango.