Meno ya bandia huanza na kipimo

Mama wapenzi wa Kasongo na Kabambare, mzee asiye na jino hata moja huacha nyama, kisha muhogo, na mwili unakonda. Meno ya bandia humsaidia, lakini hayatengenezwi kwa siku moja.

Kwanza ufizi upone. Mganga wa meno hukoroga unga maalumu kwa maji, huuweka kinywani dakika chache ushike umbo la ufizi. Humo humimina plasta; ikikauka, ndiyo sanamu ya taya. Juu yake hutengeneza kitako chenye ukingo wa nta, mzee akiume, ionekane taya zinavyokutana.

Kipimo kikikosewa, meno yatacheza na kuumiza. Basi kabla ya kulipa nauli, ulizeni: turudi mara ngapi?